Kuchora ramani ya hatari za kartiye mjini Goma kwa simu na kompyuta: mwongozo kamili

Ramani nyingi za usalama hufia kwenye swali la kwanza, kwa sababu swali ni pana mno. "Goma ni hatari wapi?" halina jibu. "Mama anayefunga kibanda chake soko la Virunga saa 1 na nusu usiku apite wapi ili afike Kasika salama?" lina jibu, na jibu hilo lina urefu, upana, mwanga na saa. Andikeni swali la namna hiyo, moja au mawili, kabla hamjagusa simu. Lisilosaidia kulijibu halikusanywi.

Mwongozo huu ni wa kamati za kartiye (mitaa mikubwa ya mji), vikundi vya vijana na vyama vya akina mama wenye simu tatu za Android, kompyuta moja na muda wa wiki tatu. Programu zote zilizotajwa hapa hupatikana bila malipo.

Kila hatari ina umbo lake

Hapa ndipo wengi hukosea, nasi tutakaa kidogo. Mtu akishajifunza kuweka nukta kwenye ramani, huweka nukta kwa kila kitu: wizi nukta, moto nukta, mazuku (hewa ya kuua itokayo ardhini) nukta. Baadaye huzijumlisha zote, hupaka rangi nyekundu, na kupata picha isiyomwambia mtu afanye nini. Hatari hazifanani kwa umbo, na umbo ndilo linaloamua mtapima nini.

Wizi wa njiani ni mstari. Anayevizia hachagui nukta, huchagua kipande cha njia: giza linapoanzia, ukuta mrefu usio na mlango, pale ambapo mtu hawezi kugeuka wala kuchepuka. Pimeni kipande kwa kipande, kila mita 50.

Moto ni eneo. Katika mitaa ya nyumba za mbao zilizobanana, kama sehemu za Birere, haisaidii sana kujua moto wa mwaka jana ulianzia kwa nani. Kinachosaidia ni kujua nyumba ngapi zinafuatana bila nafasi ya mita 2 kati yake, wapi petroli ya bidoni (madumu) huuzwa katikati ya mbao, na gari la zimamoto lingekomea wapi. Gari kubwa linahitaji njia ya mita 3 na nusu hivi. Kwa hiyo choreni eneo la nyumba zinazogusana, kisha mstari wa njia yenye upana wa kutosha. Nyumba iliyo zaidi ya mita 60 kutoka mstari huo ihesabiwe kuwa mpira wa maji hauifikii, isipokuwa zimamoto wenyewe wawape kipimo kingine.

Mazuku ni eneo pia, lakini eneo lenye saa. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ina uzito wa karibu mara 1.5 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama mabondeni, kwenye mashimo na kwenye misingi ya nyumba iliyochimbwa. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, huongezeka. Jua likiwaka na upepo ukivuma, hupungua. Upande wa Lac Vert, Mugunga na Keshero wenyeji wanayajua mabonde hayo kwa majina. Mchoraji hashuki kuyapima. Huzunguka ukingoni, mchana, akiwa na mwenyeji, na kuchora mpaka mahali mwenyeji anaposema "hapa mbuzi hufa". Wadudu na ndege waliokufa ni dalili tosha. Jaribio la kushusha mshumaa au njiti ya kiberiti lisifanyike kabisa: mkono ukifika chini, pua nayo iko njiani. Kumbukeni pia kwamba hewa hiyo hulala chini, hivyo mtoto na aliyejilaza huathirika kabla ya mtu mzima aliyesimama. Ndiyo sababu kwenye fomu mtauliza kama kuna watu wanaolala katika bonde hilo, na kama kuna njia ya shule inayopita humo.

Njia za kukimbia ni mtandao. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege na kuukata mji vipande viwili. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena na kusimama karibu na Buhene. Siku tano baadaye kartiye 10 kati ya 18 ziliamriwa kuhama, na watu walijazana kwenye barabara ya Sake. Somo kwa mchoraji ni kwamba upana wa njia pale inapobanwa zaidi ndio upana wa njia nzima. Barabara ya mita 8 yenye mahali pamoja pa mita 3 ni barabara ya mita 3. Choreni mibano hiyo. Msichore njia ya lava ijayo: lava huweza kutokea kwenye nyufa za ubavu wa mlima, si kileleni peke yake, na kazi ya kukisia itapita wapi ni ya Observatoire volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano. Ramani yao iwe tabaka la chini, ninyi choreni juu yake.

Kwa hiyo, tabaka moja kwa kila hatari, na msizijumlishe kuwa alama moja. Hakuna hesabu ya kweli inayosema mazuku pamoja na vibaka ni sawa na 7.

Vifaa

Simu 3 za Android zenye GPS, hata za zamani. Pawabenki 3 za mAh 10,000 kila moja, maana skrini ikiwaka mfululizo na GPS ikifanya kazi, betri iliyochoka huisha kabla ya saa 4 za kazi. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 (GB 4 itaweza, taratibu). Utepe wa kupimia wa mita 5. Mifuko ya plastiki ya simu, kwa ajili ya mvua. Viatu vigumu: mawe ya volkano hayana urafiki na sandali.

Programu ni nne: KoboCollect ya kujaza fomu kwenye simu, ikiwa na akaunti ya KoboToolbox, QGIS ya kuchora ramani kwenye kompyuta, Organic Maps au OsmAnd kwa kutembea bila intaneti, na OpenStreetMap kama ramani ya msingi.

Ramani ya msingi

Fungueni OpenStreetMap na mkague kartiye yenu. Goma ilichorwa sana na wenye kujitolea, hasa wakati wa majanga, hivyo nyumba na barabara nyingi mtazikuta. Vitakavyokosekana ni vile visivyoonekana kutoka angani: majina ya avenu yanayotumiwa na watu, vichochoro vilivyofungwa kwa geti, ngazi, na njia za mkato zinazopita uani kwa watu. Hivyo vya kudumu viongezeni hadharani, kwani vitawafaa wengine pia.

Angalizo moja tu, lakini kubwa. Chochote mnachoweka OpenStreetMap huonekana na dunia nzima, na hata mkikifuta hubaki kwenye historia. Kwa hiyo visima, shule, zahanati, upana wa njia na taa za barabarani: ndiyo. Matukio ya wizi, hofu za watu, mahali wanapojificha: hapana, hata siku moja.

Kwa kuanzia chukueni kilomita 1 ya mraba, si kartiye nzima. Kwenye mitaa iliyobanana, eneo hilo lina takriban kilomita 18 za njia na vichochoro. Ukisimama kila mita 50 kwa dakika 2, ni vituo 360, yaani saa 12 za kazi. Jozi tatu zitamaliza kwa saa 4 kila moja kwenye karatasi. Kwenye njia halisi, kwa salamu, mvua na maswali ya "munaandika nini?", tengeni asubuhi tatu.

Fomu

Tengenezeni fomu mbili. Ya kwanza ni ya njia, ya pili ni ya matukio. Wakizichanganya, watu huanza kusimulia wizi wakati mnapima upana.

Fomu ya njia ina maswali machache, kila moja likipewa alama 0, 1 au 2:

- Mwanga: 0 hakuna taa, 1 kuna taa ya dukani au ya nyumba, inayozimwa mwenyewe anapolala, 2 kuna taa ya barabara.
- Macho: 0 kuta tupu pande zote; 1 upande mmoja una milango au madirisha; 2 pande zote, au kuna duka linalofungwa baada ya saa 3 usiku.
- Kuchepuka: 0 hakuna njia nyingine ndani ya mita 50, 1 iko moja, 2 ziko mbili au zaidi.
- Uso wa njia: 0 mawe matupu au shimo linalomlazimisha mpanda pikipiki kusimama, 1 hupitika polepole, 2 hupitika hata kwa kukimbia.

Chini yake ongezeni upana kwa mita, na swali la taa ni ya nani. Swali hilo la mwisho lina maana Goma. Umeme wa mji hautoki sehemu moja: kuna SNEL, shirika la umeme la taifa, kuna Virunga Energies, kuna Nuru yenye kituo cha jua cha megawati 1.3 upande wa Ndosho, na kuna sola za watu binafsi. Umeme wa mmoja ukikatika, avenu moja huzima na ya jirani ikabaki inawaka. Bila kuandika chanzo, hamtaelewa kwa nini njia iliyo salama Jumatatu inatisha Alhamisi.

Fomu ya matukio iulize aina ya tukio, mwezi, kipindi cha siku, na mahali. Basi. Jina la aliyeibiwa halihitajiki, wala namba ya simu, wala kabila, wala anayeshukiwa.

Kuhusu saa, msiache watu waandike namba. Goma mtu mmoja husema "saa mbili usiku", mwingine husema kwa Kifaransa saa 20, na wa tatu huandika "2". Tofauti ni saa 6 nzima, na wizi wa jioni huhamia usiku wa manane. Wekeni vipindi vya kuchagua: alfajiri (saa 10 hadi 12), asubuhi (saa 12 hadi 5), mchana (saa 5 hadi 10), magharibi (saa 10 hadi saa 1 usiku), usiku wa kwanza (saa 1 hadi 4), usiku mkubwa (saa 4 hadi 10).

Kosa jingine huharibu kazi nzima bila mtu kugundua. Swali la mahali, likiachwa lilivyo, huchukua nukta pale simu ilipo wakati wa mahojiano. Mnahoji watu 40 kwenye uwanja wa kanisa au kwa shefu (kiongozi) wa kartiye, na ramani inatoka ikionyesha kwamba wizi wote hutokea kanisani. Kwenye fomu ya matukio chagueni mwonekano unaomruhusu mhojaji kusogeza nukta mwenyewe kwenye ramani, na pakieni simuni picha ya ramani ya kartiye katika faili la MBTiles ili ifanye kazi bila intaneti.

Kutembea

Kwanza ruhusa. Mwoneni shefu wa kartiye, kisha mashefu wa avenu na wa nyumba kumi, mkiwa na karatasi inayosema nani anafanya nini, siku gani, na matokeo yatarudishwa lini. Mtu anayepiga hatua, anasimama, anatazama kuta za watu na kuandika kwenye simu, Goma atashukiwa tu, na wanaomshuku wana haki. Vitambulisho shingoni, jozi ya mwanamke na mwanamume ikiwezekana, na mmoja wao awe mzaliwa wa mtaa huo.

Msitembee usiku. Mwanga upimwe magharibi, kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro robo, taa zinapoanza kuwaka na watu bado wako njiani. Goma iko karibu na ikweta, kwa hiyo giza huingia karibu saa ileile mwaka mzima na ratiba hii haibadiliki. Yanayotokea baadaye usiku yaulizeni, msiyaendee.

Kwa GPS, asubuhi ya kwanza simu huhitaji dakika kadhaa kujitafuta, hasa ikiwa haina intaneti. Simameni mahali wazi, mbali na mabati na kuta, mpaka usahihi ushuke chini ya mita 10. Kwenye kichochoro, nukta yenye usahihi mbaya kuliko mita 15 ikataliwe. Avenu mbili zikiwa zimeachana mita 40, kosa la mita 20 linatosha kuipa avenu sifa ya jirani yake.

Mkikuta kitu kinachofanana na bomu, gruneti au risasi kubwa, na baada ya mapigano ya Januari 2025 jambo hilo si la kufikirika tu, simameni. Msipige picha karibu, msiweke alama juu yake. Rudini kwa nyayo zenu zilezile, zuieni watoto, na kutoka mbali andikeni mwelekeo na makadirio ya umbali. Taarifa hiyo iende kwa wataalamu wa kuondoa mabomu siku hiyohiyo, na isisubiri ramani ya mtu yeyote.

Meza ya karatasi

Simu hupima njia. Haipimi hofu, na hofu ndiyo inayoamua mama atapita wapi. Chapisheni ramani kwa skeli ya 1:2,000, ambapo sentimita 1 ni mita 20. Karatasi nne za A3 zilizounganishwa zitabeba eneo la karibu kilomita 1.2 kwa 1.7, kubwa kuliko mnalolihitaji, na hiyo ni vizuri kwa sababu watu hujieleza kwa alama zilizo nje ya mpaka: msikiti, kituo cha pikipiki, mti mkubwa.

Fanyeni vikao vinne tofauti vya watu 8 hadi 10: akina mama, wenye pikipiki, wasichana wa shule, na wenye maduka pamoja na walinzi wa usiku. Msivichanganye. Mbele ya wanaume, mama hatasema kwa nini hapiti njia fulani kwenda kuteka maji alfajiri. Watu wenye ulemavu waalikwe katika kila kikao, kwa sababu ndio wanaojua ni ngazi ipi isiyo na njia mbadala.

Kila mtu apewe maharagwe 5 na punje 5 za mahindi. Maharagwe huwekwa pale anapoogopa kupita, mahindi pale anapopita kila siku. Swali ni rahisi: "Mama, njia hii munaipita saa ngapi, na saa ngapi muliiacha?" Njia yenye maharagwe bila mahindi ni njia iliyoachwa, matukio yake ni machache kwa sababu hakuna wa kuibiwa. Njia yenye maharagwe na mahindi pamoja ndiyo watu wanaogopa na bado wanalazimika kuipita. Hiyo ndiyo ya kushughulikiwa kwanza, hata kama idadi ya taarifa zake ni ndogo.

Pigeni picha ya karatasi kutoka juu, bila nyuso. Kisha ondoeni nafaka kabla ya kikao kingine kuingia, vinginevyo kundi la pili litaiga la kwanza.

Kwenye kompyuta

Kutoka KoboToolbox pakueni data ya fomu ya njia kwa muundo wa GeoJSON, ambao QGIS huufungua moja kwa moja; ya matukio, ikiwa imesimbwa, hufunguliwa kwanza kwa ufunguo kwenye kompyuta yenu na hutoka kama CSV. Mkitumia CSV, jueni kwamba Kobo hutenganisha safu kwa nuktamkato, si kwa mkato. Na msiifungue CSV kwenye Excel ya Kifaransa kisha kuihifadhi: Excel hiyo husubiri mkato kwenye desimali, na -1.6741 huweza kugeuka kuwa maandishi ambayo QGIS haitayasoma kama namba.

Nukta zikikosea, mahali zilipoangukia pana jibu. Latitudo ya Goma ni karibu -1.67, longitudo ni karibu 29.22. Zikiangukia jangwani Algeria, mmebadilisha latitudo na longitudo. Zikiangukia Ituri, maeneo ya Mambasa, alama ya kutoa imepotea mbele ya 1.67. Zikiangukia baharini Ghuba ya Gine, kwenye sifuri na sifuri, simu haikupata GPS na fomu ilijazwa hivyohivyo.

Kisha badilisheni mfumo wa koordinati kuwa UTM kanda ya 35 Kusini, namba EPSG:32735. Data ikibaki kwenye digrii (EPSG:4326), ukiomba ukanda wa mita 100 kuzunguka nukta unapata ukanda wa digrii 100, na duara linameza Afrika yote. Hifadhini kila kitu kwenye faili moja la GeoPackage.

Kwa wizi, msikimbilie ramani ya joto, yaani ile inayokoleza rangi pale nukta zinaporundikana. Ni nzuri machoni, lakini hupaka rangi juu ya nyumba, uwanja na hata ziwa, na ukiweka kipenyo kikubwa kartiye yote huiva nyekundu. Ni bora kukata barabara vipande vya mita 50, kila kipande kibebe alama zake nne za njia (jumla kati ya 0 na 8), idadi ya maharagwe na ya mahindi, na idadi ya matukio ya miezi 3 kwa kipindi cha siku. Pakeni rangi kwa alama za njia, na unene wa mstari uwe wa mahindi, yaani wingi wa wapitaji. Mstari mnene wenye alama 0 hadi 3 utaonekana wenyewe.

Muwe wakali na namba ndogo. Kipande kilichotoka matukio 2 hadi 4 hakijawa hatari mara mbili; huenda kikao cha mwezi huu kilihudhuriwa na watu wa avenu hiyo. Kabla ya kuamini ongezeko, angalieni ni watu wangapi walihojiwa kutoka kila avenu. Idadi ya taarifa hufuata miguu ya wahojaji kuliko ya wezi. Tukio moja likisimuliwa na majirani watano, ni moja. Na tukio kubwa lisilo na chanzo cha pili, kisichotoka nyumba moja na cha kwanza, libaki pembeni kwenye tabaka la "bado halijathibitishwa".

Visivyochorwa

Vituo na mienendo ya wanajeshi au ya watu wenye silaha wa upande wowote, vizuizi vyao, silaha. Nyumba za wanaoshukiwa. Mahali mtu alipobakwa, hata kwa nukta isiyo na jina: katika avenu yenye nyumba 12 nukta ni jina. Simulizi kama hiyo ikitokea mbele yenu, kalamu chini, na mtu aongozwe kwa huduma, haraka, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.

Matukio mnayobaki nayo yafifisheni kabla hayajatoka kwenye kompyuta yenu. Koordinati yenye tarakimu 5 baada ya nukta huonyesha mahali kwa mita 1 hivi. Yenye tarakimu 3 huonyesha kwa mita 110 hivi. Za ndani ziwe 5, za nje zisizidi 3, au zihesabiwe kwa miraba ya mita 100 na mraba wenye matukio chini ya 3 uachwe mweupe. Kwenye Kobo washeni usimbaji wa fomu ya matukio na tunzeni ufunguo sehemu mbili, kwa kuwa ukipotea hakuna wa kuufufua. Kwenye simu, futeni fomu zilizokwisha kutumwa kila jioni. Anayebeba simu asiwe na kitu cha kumdhuru ikinyang'anywa, na asipewe kosa akiitoa.

Kurudisha na kusasisha

Tengenezeni ramani mbili. Ya ndani, yenye kila tabaka, ya watu watatu wenye neno la siri. Ya wote, yenye njia nzuri tu: pita hapa usiku, hapa pana taa, hapa pana maji, hapa pana zahanati, bonde hili usilale. Wazo la kuonyesha njia nzuri badala ya mbaya halitokani na upole. Avenu ikitajwa kuwa mbaya, mwenye nyumba hupoteza wapangaji, mwenye duka hufunga mapema, taa yake inazima, na alama yenu ya "macho" inashuka kutoka 2 hadi 0 kwa kazi ya ramani yenyewe.

Ramani ya wote ichapishwe A5 nyeusi na nyeupe, maana fotokopi haijui rangi, na ijaribiwe kwa watu watano wasioshiriki: wakishindwa kuonyesha nyumbani kwao ndani ya nusu dakika, ongezeni alama za mahali na punguzeni mistari.

Kila tabaka liandikwe tarehe ya kuisha. Taa: miezi 3. Upana na vizuizi vya njia: miezi 6, au siku yoyote ujenzi ukianza. Matukio: siku 90, kisha yanatoka. Ukingo wa mazuku ukaguliwe upya kila mtu anapochimba msingi au shimo la choo jirani.

Mkishapata taa mbili au geti lililofunguliwa, rudieni njia zilezile baada ya wiki 8, kwa vipindi vilevile na vikao vilevile, na pimeni pia ukanda wa mita 200 nje ya eneo. Maharagwe yakipungua kwenye avenu yenu na kuongezeka kwenye ya jirani, mmehamisha wizi tu, na kamati ya upande wa pili inapaswa kuitwa mezani kabla ya taa ya tatu kununuliwa.